Fantasi ya mpira: Ni mchezo, kamari au maradhi ya moyo?

Anayetaka kujua vijana wa Arusha wanashughulika na nini kila ifikapo mwezi wa Agosti asisumbuke kwenda mbali. Apite vijiwe vya Kaloleni, Ngarenaro au Sakina, au apande tu daladala ya kwenda Usa River, atawakuta wameinamia simu wakibishana. Ukitega sikio utadhani ni madaktari. Fulani msuli wa paja haujapona, fulani goti linamsumbua, fulani amefikisha miaka thelathini na hawezi tena kucheza mechi mbili kwa wiki. Wanaozungumzwa wako Uingereza, na wanaozungumza hawajawahi kuwaona ila kwenye luninga. Hiyo ndiyo fantasi.

Kwa wazee ambao mambo haya hayajawafikia, nieleze kidogo. Ligi Kuu ya Uingereza ina mchezo wake rasmi wa kubuni timu, ulioanza msimu wa 2002/03. Kujiandikisha ni bure. Unapewa pauni milioni 100 za kufikirika, nawe unanunua wachezaji 15: makipa 2, mabeki 5, viungo 5 na washambuliaji 3, na hawazidi watatu kutoka klabu moja. Kisha unakaa unatazama. Wanachofanya uwanjani wikiendi hiyo kinageuzwa pointi na kuingia kwako. Bao la mshambuliaji ni pointi 4, la kiungo ni 5, la beki ni 6. Pasi ya bao ni 3. Kadi ya njano inakutoa moja, nyekundu inakutoa tatu. Hivyo hivyo kwa wiki 38, mpaka Mei.

Ipo na aina ya pili, ambayo ndiyo iliyonifanya nishike kalamu. Wanaiita drafti (si ile ya vizibo vya soda inayochezwa vijiweni). Katika drafti hakuna bei. Mnakaa pamoja, mnapiga kura ya nani aanze, kisha mnachagua kwa zamu mchezaji mmoja mmoja, na aliyechaguliwa hawezi kuchaguliwa na mwingine. Aliyekuwa wa mwisho mzunguko wa kwanza anakuwa wa kwanza mzunguko wa pili. Kwa hiyo mchezaji mmoja ana bwana mmoja tu katika ligi yenu. Tafadhali liweke akilini neno hilo, tutalirudia.

Mimi nafundisha Maarifa ya Uislamu hapa mjini. Baada ya darsa moja la jioni walinijia vijana wa mtaani kwetu, wanaswali, wana kazi zao, hawana tabia ya kubeti wala hawajui mkeka unachanwaje. Walikuwa na ligi yao ya drafti ya watu 12. Kila mmoja alitoa shilingi 20,000, jumla 240,000, na wa kwanza anachukua zote. Mmoja wao alikuwa amesikia kwamba hiyo ni kamari na wenzake wamekataa. Wakanipa hoja tatu, na sikuziona za kitoto. Kwanza, walisema, huu ni ujuzi: mwenye kusoma takwimu anamshinda mvivu, kwa hiyo si bahati nasibu. Pili, kila mtu ametoa kwa ridhaa yake. Tatu, mshindi hali peke yake. Ada yao ni kwamba anayeshinda ananunua mbuzi, watu wote wanakula nyama choma, na kinachobaki wanampa mama mmoja mjane wa jirani.

Nianze na hiyo ya tatu, maana ndiyo iliyonipendeza na ndiyo dhaifu kuliko zote. Waarabu wa zama za ujahili, katika maysir yao iliyo mashuhuri, walikuwa wakifanya jambo hilo hilo kasoro simu. Walimchinja ngamia, wakamgawa mafungu, kisha wakatoa mishale kumi kwenye mfuko. Mishale saba ilikuwa na majina na mafungu, kuanzia wa fungu moja mpaka ule uitwao al-mu'alla wenye mafungu saba. Mitatu ilikuwa mitupu, na aliyetokewa na mtupu alichangia bei ya ngamia bila kupata kitu. Sasa msomaji, ile nyama walikuwa wanaipeleka wapi? Wengi wao hawakuila. Waliwapa mafukara, hasa miezi ya baridi na njaa, na wakajifakharisha kwa ukarimu huo. Aliyekataa kushiriki walimpa jina baya la ubahili. Wafasiri wengi wanapofika kwenye aya ya 219 ya Suratul Baqara, pale Allah (s.w.) anapotaja kwamba katika ulevi na kamari kuna dhambi kubwa na kuna manufaa kwa watu, wanaitaja nyama hii. Yaani manufaa hayakukanushwa. Mafukara walishiba kweli. Na bado ikaja Suratul Maida, aya ya 90 na 91, ikaifunga milango. Mbuzi wa Ngarenaro hawezi kuwa na hoja ambayo ngamia wa Makka hakuwa nayo.

Ama ridhaa, hata wacheza karata wanaridhiana. Ridhaa ni sharti la biashara, lakini haihalalishi kila kitu kinachofanywa kwa ridhaa.

Hoja ya ujuzi ndiyo nzito. Ni kweli kwamba kuchagua washambuliaji si sawa na kutupa dadu. Lakini wanazuoni hawakuuliza tu kama pana akili ndani yake. Waliuliza mali inatoka wapi na inakwenda wapi. Kila mmoja akitoa chake, na kila mmoja akawa baina ya kuchukua vya wenzake na kupoteza chake, hiyo ndiyo sura ya kamari. Hadithi iliyopokewa na Abu Dawud, Tirmidhi na Nasai imeacha nafasi ya zawadi katika mashindano ya ngamia, farasi na kulenga mishale. Wanazuoni wakajadiliana juu ya mbio za miguu na mengineyo. Mahanafi waliziruhusu, sisi Mashafi'i wa pwani hii na bara yake tumefundishwa ugumu zaidi. Lakini angalia wote walikuwa wanazungumzia nini: mtu anayekimbia mwenyewe, anayelenga mwenyewe. Alphonce Simbu, ambaye barabara za hapa Arusha zinamjua mazoezini, alishinda mbio ndefu za ubingwa wa dunia kule Tokyo, Septemba 15, 2025, akimzidi Mjerumani kwa sehemu ndogo mno ya sekunde. Zawadi yake imetokana na jasho lake na imetoka kwa waandaaji. Sasa mimi niliyekaa kwenye benchi la kibanda umiza nikinywa soda, nimemshinda mwenzangu katika nini? Katika kukisia miguu ya mtu wa tatu.

Kwa hiyo niliwaambia wazi: hizo 240,000 zirudi kwa wenyewe. Anayetaka kumlisha mjane amlishe sasa, asingoje Mei. Mtu wa nje asiyecheza akitaka kutoa zawadi kutoka mfukoni mwake, hilo ni jambo jingine na wasaa wake upo. Wakakubali, kwa manung'uniko.

Kuna jambo la saa pia, ambalo sikulisikia likitajwa na mtu. Usajili wa wiki hufungwa dakika 90 kabla ya mechi ya kwanza. Mwezi wa Agosti, Jumamosi ambayo mechi ya kwanza ni saa 8:30 mchana kwa saa zetu, mwisho wa kubadilisha timu ni saa 7 kamili. Misikiti mingi wakati huo imekimiwa Adhuhuri. Uingereza ikiingia majira ya baridi, saa zinasogea, na mechi zile za mchana wao zinaanza saa 12 jioni kwetu. Adhana ya Magharibi inasikika mpira haujafika mapumziko. Magharibi ina wakati mfupi. Aya ya 91 ya Suratul Maida imetaja mambo mawili ambayo shetani anayatafuta kupitia kamari: kuwatia watu uadui na chuki, na kuwazuia na kumkumbuka Allah na swala. La pili wala halihitaji shilingi hata moja.

Na la kwanza je? Hapa ndipo nilipo mimi.

Maana suala la pesa lina jibu, na jibu lake linajulikana. Tuseme pesa zimeondoka. Wamebaki vijana 12, simu 12 na wachezaji wao. Limekwisha? Jumamosi ya Desemba 21, 2024, nilikuwa kwenye kibanda umiza kimoja, Arsenal wakicheza na Crystal Palace kule London. Ilikuwa kama saa 3 kasoro usiku. Bukayo Saka akasimama, akashika nyuma ya paja, akakaa chini. Kibanda kikanyamaza, maana nusu ya waliokuwemo ni Arsenal. Nyuma yangu mtu mmoja akapiga makofi. Nikageuka. Kijana huyo alikuwa amevaa jezi ya Arsenal! Saka ni wake, wa timu anayoililia miaka yote. Lakini katika ligi ya drafti Saka alikuwa wa mwenzake aliyekuwa akimfukuzia kileleni, na kama nilivyosema, katika drafti mchezaji ana bwana mmoja. Paja la Saka lilipochanika, yule kijana alipata nafuu. Arsenal walishinda 5-1 usiku ule. Saka alifanyiwa upasuaji na hakuonekana uwanjani mpaka Aprili 1, 2025.

Sikumsema. Hakuwa mwanafunzi wangu na mahali hapakuwa pake. Lakini makofi yale yamenikaa. Ligi yake, nilikuja kujua, haikuwa na pesa hata senti.

Watu wataniambia: mwalimu, unakuza. Saka hajui kama kuna mtaa unaitwa Ngarenaro. Hakuumizwa na makofi yale, ameumizwa na msuli wake. Mwingine ataongeza kwamba Saka hata si Muislamu. Huyu wa pili nimjibu haraka. Mtume (s.a.w.) alisimama lilipopitishwa jeneza la Myahudi, akaambiwa ni Myahudi, naye akawauliza kama hiyo si nafsi. Hadithi iko kwa Bukhari na Muslim. Tuendelee.

Huyu wa kwanza anataka maelezo. Sisi wanadamu tunachaguana kila siku. Tunachagua mke au mume, tunachagua fundi, tunachagua imamu. Nenda geti la Momella alfajiri, pale wanapoanzia wanaopanda Mlima Meru, au mageti ya Kilimanjaro, ukatazame wapagazi wanavyochaguliwa. Kiongozi wa msafara anawapima kwa macho: huyu kifua kipo, huyu anachechemea, huyu amezeeka. Kule Kilimanjaro mzigo wa mpagazi haupaswi kuzidi kilo 20, na hupimwa getini. Ni uchaguzi mkavu, wa mwili, na aliyeachwa anarudi kwake hana kitu. Lakini yule aliyechaguliwa amepata haki palepale. Anadai ujira, na Mtume (s.a.w.) ametuamrisha tumpe mfanyakazi ujira wake kabla jasho halijakauka. Anadai chakula. Akianguka njiani, kiongozi hawezi kusema nibadilishieni, nina nafasi moja ya bure wiki hii. Atambeba.

Katika sheria yetu sijui uchaguzi wa mtu usiozaa haki, isipokuwa huu. Katika fantasi ninamchagua mtu, namwita wangu, namtegemea, namlaani akikosa penalti, na simdai wala hanidai kitu. Akivunjika namtoa. Pengine mtu ataona huo ni uhuru na hakuna neno. Mimi naona ni chumba kisicho na shahidi. Mtu akiwa peke yake na binadamu ambaye hana haki yoyote juu yake, moyo wake unafanyaje? Hapo ndipo unapojua kilichomo.

Waliobuni jambo hili walikuwa Wamarekani. Mwaka 1962 bwana mmoja aitwaye Bill Winkenbach, mwenye hisa katika timu ya Oakland, pamoja na wenzake walitunga kanuni za kuchaguana wachezaji wa mpira wao ule wa mikono. Katika mpira huo kuna mtu ambaye kazi yake ni kuubeba mpira na kukimbia nao huku majitu yakimvamia. Tumwite mbeba mpira. Kwa miaka mingi wabeba mpira ndio waliogombaniwa mwanzo kabisa wa drafti, kwa kuwa wanagusa mpira mara nyingi na pointi zao ni nyingi. Na ndio wanaochakaa mapema kuliko karibu wote. Wachaguaji wanahesabu mara ngapi mtu amebebeshwa na kupigwa chini, kama fundi anavyosoma kilometa za gari bovu, na akikaribia miaka 30 wanamkimbia. Mwaka 2011 mmoja wa wabeba mpira mashuhuri, Arian Foster wa Houston, aliumia nyuma ya paja kabla ya msimu kuanza. Paja lile lile la Saka, unaweza kusema. Akaandika mtandaoni, akawatuliza wanaomjali kwa dhati, kisha akawageukia waliokuwa wanahofia timu zao za kubuni akawaambia kwamba ni wagonjwa.

Kwa hiyo ile hoja kwamba hawajui, wanajua.

Tena usidhani balaa hili linaishia kwa wasio wetu. Mohamed Salah wapo waliomchagua kwa sababu anasujudu akifunga bao, na waliomchagua msimu wa 2024/25 hawakujuta, alimaliza na mabao 29 na pasi za mabao 18. Lakini hapa hapa Arusha, mwezi wa Ramadhani, nimemsikia Muislamu aliyefunga, midomo imemkauka, akisema kuhusu Salah: bora leo asifunge, ili afunge. Watu walicheka, na kwa Kiswahili chetu ni mzaha mzuri kwelikweli. Mimi mwenyewe nilitabasamu, kisha nikajiuliza tumetamkiana nini. Mtu anamtakia nduguye aikose funga ya Ramadhani kwa ajili ya pointi 5.

Sasa tusiwe wakali kupita sheria yenyewe. Katika hadithi ya Abu Hurayra (r.a.) tumefundishwa kwamba Allah (s.w.) ameusamehe umma huu yale yanayopita nafsini maadamu mtu hajayatamka wala kuyatenda. Hii ni rehema kubwa, na kijana anayehisi nafuu ya ghafla moyoni akiona mchezaji wa mwenzake anatolewa kwa machela, hana kosa la kuandikiwa. Hisia zinakuja bila hodi. Lakini makofi ni kitendo. Ujumbe wa saa 3 usiku kwenye kundi la WhatsApp, wenye vicheko na picha ya mtu amelala chini ameshika goti, ni tamko. Na duniani hakuna mchezo uliotengenezwa ili watu wakae kimya. Sehemu kubwa ya utamu wa fantasi ni tambo. Mtume (s.a.w.) alikuwa akijikinga kwa Allah na furaha ya maadui juu ya msiba wa mtu. Ni jambo la kushangaza kidogo kwamba mtu anaweza kuwa adui wa mchezaji anayempenda, kwa hiari yake, kila wikiendi, na akalipia bando la intaneti kwa ajili hiyo.

Je, lazima iwe hivyo? Hapana, na ushahidi wangu ni Mbwana Samatta. Januari 2020 alisajiliwa Aston Villa, Mtanzania wa kwanza kucheza ligi ile. Februari 1 akafunga bao lake la kwanza dhidi ya Bournemouth, Villa wakapoteza 2-1. Nawajua watu waliomwingiza kwenye timu zao siku zile huku hesabu zote zikiwaambia wasimwingize. Alicheza mechi 14 za ligi na bao likabaki hilo hilo moja. Wiki baada ya wiki aliwaletea pointi mbili, pointi moja, na hawakumtoa. Ukiwauliza wanasema, si ni wetu? Mwenye takwimu aliwacheka. Mimi naona hao ndio waliokuwa wakicheza vizuri kuliko wote, ingawa jedwali liliwaweka chini.

Nikirudi kwa wale vijana 12, pesa walirudishiana kwa simu, na ukazuka mzozo mpya wa nani abebe makato ya kutuma. Ligi wameiendeleza bure. Sikuwakataza, kwa kuwa sina dalili ya kuwakatazia mchezo usio na mali, ila swala niliwaambia haina nafasi ya akiba. Wiki chache baadaye mmoja wao alinifuata nje ya msikiti na swali ambalo sikuwa nimelitarajia. Mchezaji wake alikuwa majeruhi. Akasema anamuombea dua apone, kwa kweli kabisa, kila baada ya Alfajiri, lakini anajua moyoni kwamba anaomba kwa sababu ya pointi. Je, dua hiyo ni ya yule mchezaji au ni yake mwenyewe?

Nilimwambia aiendeleze, kwa kuwa kumuombea mgonjwa apone hakujamdhuru mtu. Kisha nikamuuliza ni nani mwingine aliye majeruhi wiki hii. Akataja majina matatu, yote ya timu za wenzake. Nikamwambia awatie na hao. Alikaa kimya kidogo, akacheka, akasema: Mwalimu, hiyo sasa ni ngumu.